Tairi la spea kwenye gari la kukunja paa: lile lililopata pancha utaliweka wapi?

#1 Turubai Jeusi

Habari wakuu.

Gari langu ni la viti viwili, paa la turubai, tairi 195/50R16 pande zote nne, buti la lita 130 hivi. Limetoka kiwandani bila spea. Chini ya zulia la buti kuna chupa ya dawa ya kuziba pancha na kompresa ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, basi. Kwa mizunguko ya kila siku sijawahi kulalamika. Sasa mimi na mke wangu tuna safari ya siku nane, na ndani yake kuna vipande viwili ambavyo ukiharibikiwa katikati, fundi wa karibu yuko zaidi ya kilomita 150. Nataka kubeba spea, na naomba mawazo ya waliokwishafanya hivyo.

Nieleze kwa nini siiamini tena ile chupa. Mwaka jana, jioni, niliingia kwenye shimo dogo lenye ukingo mkali. Tairi la mbele kushoto likachanika ubavuni, mchaniko mfupi tu, kama upana wa kucha ya kidole gumba. Nikafuata maelekezo hatua kwa hatua: nikafunga mpira kwenye valvu, nikawasha kompresa. Povu jeupe likaanza kutoka kwenye ule mchaniko, likatiririka juu ya rimu mpaka kwenye lami, na mshale wa geji haukunyanyuka kutoka sifuri. Nilichuchumaa pale dakika kumi nikiutazama. Ndipo nikasoma maandishi madogo kwenye chupa: ni kwa matundu ya kwenye uso wa tairi tu, yasiyozidi milimita 6. Ubavu haumo. Tulikaa pembeni ya barabara zaidi ya saa nne mpaka gari la kubeba magari likafika, na mke wangu alikuwa anatetemeka kwa baridi. Sitaki hilo lijirudie.

Nimeshapima. Gurudumu langu lina kipenyo cha milimita 601: inchi 16 za rimu ni 406, ongeza ubavu wa 97.5 (nusu ya upana wa 195) mara mbili. Upana ni kama 200. Ukilichukulia kama sanduku la pembe nne, linakula lita 72, yaani zaidi ya nusu ya buti kabla hatujaweka hata nguo moja. Uzito wake ni kama kilo 15.

Nyuma ya viti hakuna nafasi. Kilichobaki ni buti, kiti cha abiria (ambacho kina mtu), au ile rafu ya mizigo inayofungwa juu ya kifuniko cha buti. Nyie mnabebaje?

#2 Kamba na Sindano

Pole mkuu. Hiyo ya ubavu ni bahati mbaya, maana pancha nyingi ni msumari au skrubu kwenye uso wa tairi, pale penye kashata. Kwa hizo huhitaji spea wala hiyo chupa. Beba seti ya kamba za pancha, ile yenye tupa ya kusokota na sindano yenye tundu, pamoja na koleo na kompresa ya maana.

Nimeziba mara tatu bila kufungua gurudumu. Zungusha usukani mpaka uone msumari, au sogeza gari taratibu mpaka uje upande wa nyuma au wa mbele wa tairi. Usichomoe msumari kabla hujaweka kila kitu mkononi, kamba ikiwa tayari imepita kwenye sindano na kupakwa gundi. Tazama umeingia kwa mlalo gani, kwa sababu tupa lazima ifuate njia hiyohiyo, la sivyo unatoboa tundu la pili. Chomoa, ingiza tupa, sokota mpaka isikwame, kisha kamba kwa nguvu zako zote mpaka zibaki ncha mbili nje kama sentimita moja na nusu. Vuta sindano kwa mkupuo mmoja. Jaza upepo, paka mate au maji ya sabuni, angalia mapovu. Ukifika kwa fundi, alitoe tairi alikague ndani na kuweka kiraka.

Na hiyo dawa ya chupa, ukishaiingiza, fundi atakuta ndani ya tairi kama uji. Inabidi aoshe kwanza, na sensa ya upepo inaweza kuziba. Pia ina tarehe ya mwisho, mara nyingi miaka minne au mitano. Angalia yako leo. Watu wengi wana chupa iliyokwisha muda tangu wanunue gari mkononi.

#3 Nati Nne

Turubai, umeuliza utabeba wapi spea. Mimi nakuuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza mpaka siku nilipokuwa kwenye mvua: tairi lililopata pancha utaliweka wapi?

Langu ni la viti viwili la miaka ya tisini, tairi 185/60R14, na linayo spea ya kiwandani, ile nyembamba iliyoandikwa T115/70D14. Inakaa vizuri kabisa ndani ya buti, ina boliti yake ya kuibana. Nilikuwa najivunia. Kisha nikapata pancha tukiwa wawili na mizigo ya wiki mbili. Nilitoa mizigo yote nje, nikatoa spea, nikafunga, kila kitu kikaenda sawa dakika ishirini. Nikalichukua lile tairi bovu nikalirudishe pale spea ilipotoka, halikukaa. Bila shaka halikukaa: spea ina upana wa milimita 115 na hili ni 185, na kwa kimo linaizidi spea kwa sentimita sita. Kifuniko cha buti kilibaki wazi kiganja kizima. Nikasimama pale nimelikumbatia, limeloa, rimu ina vumbi jeusi la breki, na mizigo yetu imepangwa kwenye nyasi inanyeshewa.

Mwishowe paa likafungwa, tairi likaingia kwenye buti bila mizigo, na mwenzangu akabeba begi moja mapajani na jingine chini ya miguu, magoti yakiwa karibu na kifua. Kilomita 90 kwa mwendo usiozidi 80, maana spea hizo ndiyo kikomo chake. Hakulalamika, lakini sikumbuki safari nyingine niliyojisikia vibaya vile kwa ajili ya mtu.

Kwa hiyo ushauri wangu: usianze na spea. Anza na tairi bovu. Tafuta mahali pake kwanza, kisha urudi nyuma kutafuta spea inayolingana na nafasi hiyo.

#4 Safari Ndefu

Mbona jibu liko wazi, ni rafu ya juu ya buti. Magari mengi ya zamani ya paa wazi yalibeba spea nje nyuma. MG TD ya miaka ya hamsini spea imening'inia nyuma kabisa na gari linapendeza kuliko yote. Lincoln Continental ya kwanza ile ya 1940 ilifanya spea ya nyuma ikawa ndiyo sura ya gari. Funga rafu, laza gurudumu, kaza mikanda, buti linabaki tupu kwa mizigo. Likipata pancha, bovu linapanda pale spea iliposhuka. Swali la Nati Nne linajibiwa hapohapo.

#5 Fundi Difu

Safari Ndefu, hoja yako ya mwisho ina nguvu, na ndiyo inayowavuta watu wengi. Lakini nimerekebisha vifuniko vya buti viwili vilivyobonyea kwa sababu hiyo, kwa hiyo naomba nieleze kwa kirefu kidogo.

MG TD haikubeba spea juu ya kifuniko cha buti. Haikuwa na buti kabisa! Gurudumu lilifungwa kwa boliti kwenye chuma nyuma ya tangi la mafuta. Hicho ni kitu tofauti na bati jembamba lenye bawaba mbili. Rafu nyingi za kisasa zimeandikwa uzito wa juu, na umepangwa kwa masanduku yaliyotandazwa. Gurudumu linakandamiza sehemu chache tu. Barabarani, gari likiruka kwenye tuta, kilo 15 hazibaki kilo 15. Zinapiga bati kama nyundo. Kwanza rangi inachubuka pale penye miguu ya rafu, kisha bati linaingia ndani, kisha mpira wa kuzuia maji haukai tena.

Halafu kuna taa ya tatu ya breki. Kwenye magari mengi ya turubai haipo kwenye kioo cha nyuma, iko kwenye kifuniko cha buti. Ukilaza gurudumu hapo, wanaokufuata hawaioni. Na kioo chenyewe cha nyuma unakiziba nusu.

Huo mtindo wa Marekani wa spea nje una fundisho lake. Ford Thunderbird ya kwanza ilitoka kwa mwaka wa modeli 1955 ikiwa na spea ndani ya buti. Wateja wakalalamika buti dogo. Kwa 1956 Ford wakaitoa nje, wakaining'iniza nyuma ya gari. Uzito ule wote ukawa nyuma ya magurudumu ya nyuma na gari likawa halitii usukani vizuri. Kwa 1957 wakarefusha nyuma ya gari na kuirudisha spea ndani. Kiwanda kizima, chenye wahandisi wake, kilijaribu mwaka mmoja kikaacha.

Sasa mambo ya kuangalia kama unanunua spea kwa gari ambalo halikuja nayo. Mazda MX-5 kwa mfano, za mwanzo zilikuwa na spea nyembamba, lakini kuanzia kizazi cha tatu cha 2005 zinakuja na dawa na kompresa, kwa hiyo watu wanaokota spea za magari mengine. Matundu ya nati yakilingana (4x100 kwa 4x100, yaani matundu manne kwenye duara la milimita 100) wanadhani wamemaliza. Bado. Tundu la katikati la rimu lazima likae kwenye habu, kile kitovu ambacho gurudumu linafungwa. Rimu lazima ipite juu ya kalipa (kibanio cha pedi za breki) bila kugusa, na kalipa za mbele na nyuma hazifanani. Kipenyo cha tairi kikaribiane na cha gari. Njia ya uhakika ni moja: ipandishe kwenye pembe zote nne nyumbani, zungusha kwa mkono, kanyaga breki, geuza usukani mwisho kulia na kushoto. Ikikwaruza popote, si spea yako.

Magari yanayotumia boliti badala ya stadi (skrubu zilizotokeza kwenye habu) na nati yana shida ya ziada. Rimu ya chuma ya spea ni nyembamba kuliko ya alumini, na boliti zako za kawaida zinaweza kuzidi urefu zikagonga sehemu za breki kwa ndani. Beba boliti za urefu unaofaa, zifunge pamoja na spea.

Mwisho, usiangalie sura, angalia umri. Ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 3512, maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2012. Spea inaweza kuwa haijawahi kukanyaga lami na bado mpira umekufa. Watengenezaji kadhaa wa matairi wanasema miaka kumi tangu kutengenezwa ndiyo mwisho, hata kama ni ya akiba. Na upepo wa hizi nyembamba ni psi 60, si 30. Nakutana nazo zina 20 kila wiki.

#6 Paa la Bati

Naongezea kwa wenye paa gumu la kujikunja. Pale buti lina pazia au ubao wa kutenganisha, na chini yake ndipo mizigo inaruhusiwa paa likiwa limeshuka. Ukiweka gurudumu na likazidi ule mstari hata kidogo, paa likishuka kioo kinalikuta. Kwa hiyo kwenye safari yenye spea, sisi paa tunalichukulia kama limefungwa moja kwa moja. Ni huzuni, lakini ndivyo.

Na sisi wengine tairi za nyuma ni pana kuliko za mbele, hapo spea kamili ni ya mbele au ya nyuma? Porsche Boxster ya kwanza, ile 986, ilibeba spea nyembamba kwenye buti la mbele, ikatumika popote. Langu lina ranfleti, zile za ubavu mgumu, ambazo kwa kawaida zinakupa kama kilomita 80 kwa mwendo wa 80 bila upepo wowote. Mpaka sasa zimenitosha, ingawa kwa umbali anaousema mwanzisha uzi zisingetosha.

#7 Safari Ndefu

Fundi Difu, nimekuelewa kuhusu bati. Hiyo ya taa ya breki sikuifikiria kabisa na naikubali. Basi kwa anayesafiri peke yake, kiti cha abiria. Mimi hufanya hivyo: nalisimamisha kwenye kiti, napitisha mkanda katikati ya rimu, nafunga. Halijawahi kusogea.

#8 Nati Nne

Halijawahi kusogea kwa sababu hujawahi kugonga, na naomba usigonge. Tufanye hesabu. Mwendo wa 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Gari likisimama ndani ya nusu mita, nguvu ya mgongano ni kama mara 20 ya uzito wa kila kitu kilichomo. Gurudumu la kilo 15 linakuwa kama kilo 300 zinazosukuma kuelekea mbele. Mkanda wa mtu umetengenezwa kukamata nyonga na kifua. Kitu cha mviringo kinateleza na kuzunguka ndani yake. Na kama kimetoka, kinaelekea kioo cha mbele au wewe.

Nikiwa peke yangu, nalilaza sakafuni mbele ya kiti cha abiria kama linaingia, kiti kimesogezwa mbele kulibana, au nalilaza kwenye kiti na kulifunga kwa mkanda wa racheti (wenye mkono wa kukazia) uliopita kwenye vyuma vya chini vya kiti, siyo mkanda wa abiria peke yake. Kiti chenye sensa kitadhani kuna mtu, kengele ya mkanda italia na mfuko wa hewa utakuwa tayari kufumuka. Soma kitabu cha gari lako hapo.

#9 Turubai Jeusi

Wakuu, nimesoma kila neno, na swali la Nati Nne limenibadilishia mpango wote. Jumamosi nzima nimekuwa kwenye maegesho. Naleta nilichokikuta.

Nilianza na tairi bovu kama nilivyoelekezwa. Nilifungua gurudumu langu la nyuma, nikatoa upepo wote, nikajaribu kulilaza kwenye buti tupu. Linaingia, upande wa rimu ukiwa juu, na kifuniko kinafunga, lakini kwa njia moja tu: liingie kwa kusimama kupitia kona ya kushoto, kisha lilazwe. Njia nyingine zote linakwama kwenye mdomo wa buti. Nimebandika mshale wa karatasi ili siku ya siku nisianze kujaribu gizani.

Likishalala, nafasi iliyobaki ni pembe za buti na lile shimo la katikati ya rimu. Masanduku magumu basi. Tumehamia kwenye mabegi laini manne madogo. Mawili yanakaa pembeni, moja linakaa ndani ya rimu, la nne linakwenda miguuni kwa mke wangu. Nimemwomba akae nalo dakika ishirini kabla ya kuamua. Amesema anaweza, mradi viatu viwe kwenye begi jingine.

Baada ya hapo ndipo nikatafuta spea. Nimepata T125/70D16, 4x100. Kipenyo ni milimita 581 dhidi ya 601 za gari, tofauti ya kama asilimia 3. Kwa hesabu ya sanduku ni lita 42 badala ya 72. Tundu la katikati linakaa kwenye habu, kalipa za mbele na nyuma zote zinapita, ya mbele kwa nafasi ya kalamu tu lakini inapita. Tarehe yake ni ya miaka mitatu nyuma. Nimeijaza 60, nimeiacha usiku kucha, asubuhi bado 60.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja na lilinishtua: gari lililotoka bila spea limetoka bila jeki na bila spana ya nati. Langu halikuwa na kimojawapo. Nikaazima jeki ya mkasi kwa jirani. Gari likiwa na upepo inaingia vizuri. Nikatoa upepo wa tairi, gari likashuka, jeki haikuingia tena. Ilikosa unene wa kidole kimoja. Kama ningeijaribu kwa tairi zima ningeondoka nyumbani nikiamini ninayo jeki. Nimetafuta fupi zaidi, pamoja na kipande cha ubao wa kuweka chini yake kwenye udongo laini. Tafadhali, yeyote anayesoma hapa, toa upepo kwanza ndipo upime jeki.

Swali kwa Fundi Difu: gari linasukuma nyuma na difu yake (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) ni ile ya kuzuia tairi moja kuzunguka peke yake. Spea ndogo kwa asilimia 3 nikiifunga nyuma, kuna madhara?

#10 Fundi Difu

Kazi nzuri sana hiyo, mkuu, na hilo la jeki nitaanza kuwaambia wateja.

Difu: tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko lenzake, kwa hiyo difu inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka. Kwa difu ya kawaida na kilomita chache unavumilia. Kwa difu yako inayopinga tofauti hiyo, inapata moto na inajisaga. Kwa kuwa tairi zako zinafanana pande zote, pancha ikiwa nyuma hamisha: chukua zima la mbele lipeleke nyuma, spea ikae mbele. Ni kuinua gari mara mbili, dakika kumi na tano zaidi, lakini ndiyo sahihi. Breki zitavuta upande kidogo ukikanyaga kwa nguvu, kwa hiyo acha nafasi kubwa mbele yako.

Na mambo mawili ya magari ya paa wazi. Funga milango kabla hujainua, usiifungue gari likiwa juu ya jeki. Bila paa la chuma bodi inajipinda kidogo ikinyanyuliwa pembe moja, na mlango uliofunguliwa unaweza kugoma kufunga mpaka ulishushe. Kwa sababu hiyohiyo usikunje wala kufungua paa likiwa limeinuliwa. Jeki iwekwe pale kitabu kinapoonyesha, penye bati lililoimarishwa, sentimita chache pembeni unabonyeza kizingiti cha chini ya mlango.

Ukishafunga nati, kaza kwa mpangilio wa msalaba, moja kisha ya upande wa pili, kisha simama baada ya kilomita 50 ukaze tena.

#11 Kamba na Sindano

Turubai, na ile seti ya kamba bado uibebe. Uzito wake haufiki kilo moja. Spea ni kwa ajili ya ubavu, msumari umalizane nao kwa kamba na usiguse buti kabisa.

#12 Turubai Jeusi

Ipo tayari. Pia glovu, taa ya kichwani, mfuko mkubwa mzito wa plastiki wa kuvalisha tairi bovu ili mabegi yasichafuke, na turubai dogo la kutandaza mizigo kama kuna mvua. Hilo la mwisho ni kwa ajili ya mizigo ya Nati Nne iliyonyeshewa.

Tunaondoka kesho kutwa.

#13 Turubai Jeusi

Tumerudi salama, wakuu. Naona ni haki kuleta mrejesho.

Siku ya tano, skrubu kwenye tairi la nyuma kulia. Taa ya upepo iliwaka, nikasimama, nikaiona inang'aa katikati ya kashata. Nilimaliza kwa kamba, kama dakika ishirini na tano pamoja na kujaza upepo, na paa lilibaki wazi muda wote. Spea haikushuka. Fundi niliyempitia siku ya pili alilitoa tairi, akakagua, akaweka kiraka kwa ndani.

Lakini kuna kosa nililofanya. Spea niliilaza kwenye buti nikaifunga kwa mikanda miwili kwenye pete za sakafuni, nikaikagua siku ya kwanza na ya pili, nikaridhika. Siku ya sita tulipita kipande kirefu cha changarawe. Jioni nilipofungua buti, mkanda mmoja ulikuwa umelegea, spea imesogea kushoto kama sentimita nne, na ukingo wa rimu ulikuwa umekaa juu ya waya zinazokwenda kwenye taa za nyuma. Plastiki ya nje ya waya ilikuwa imeshakwanguliwa, shaba haijaonekana bado. Nyuma ya zulia huwezi kuziona. Nilizigundua kwa sababu zulia lenyewe lilikuwa limechakaa alama ya mviringo.

Nimezifunga kwa utepe, nimeweka kipande cha sponji nene pande zote ambako rimu inaweza kufika, na nimebadili mikanda: nilikuwa natumia ya klipu, sasa ni ya racheti. Kwa safari inayofuata nitakagua kila tunaposimama kujaza mafuta, si asubuhi tu.

#14 Paa la Bati

Mkuu, hizo pete za sakafuni zipo kwenye gari lako tangu kiwandani au umeongeza mwenyewe? Langu halina hata moja.

#15 Turubai Jeusi

Nimeongeza. Mbili za mbele nimetumia matundu ya boliti yaliyokuwepo, yale yanayoshika bati la sakafu. Mbili za nyuma nimetoboa, na kabla ya kutoboa nililala chini ya gari na tochi kuhakikisha hakuna mpira wa breki wala tangi hapo. Chini nimeweka kipande cha chuma cha upana wa kiganja ili boliti isichomoke na bati, kisha rangi ya kuzuia kutu. Nikipata mwanga mzuri kesho nitaweka picha.